Reli ya Pap Onditi Yafunguliwa Rasmi

Umma wote wa Kisumu na viunga vyake unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu tarehe tano Julai, 1993, hakuna mtu atakayeunganisha tofali moja la plastiki na jingine mbele ya watu zaidi ya tisa pasipo leseni.

Tangazo hilo lilibandikwa langoni mwa soko, ukutani mwa posta, na kwenye mlango wa Ofisi ya Itifaki na Mikusanyiko, ambako lilikuwa limeandikwa. Mwandishi wake alikuwa Bwana Zadock Oketch, Kaimu Afisa wa ofisi hiyo. Alilisoma mara tatu akiwa barabarani, kama mpita njia, akaridhika. Lilikuwa tangazo lisilo na mwanya.

Haja ya tangazo ilitokana na barua. Mwalimu Rosa Adero, mstaafu, alikuwa ameiarifu Ofisi kwamba Chama cha Wajenzi wa Treni za Matofali kingekutana ukumbini Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Wanachama walikuwa kumi na wanne. Bwana Oketch alipekua nyaraka zote asione sheria yoyote iliyohusu treni za namna hiyo. Nchi ilikuwa imeishi miaka thelathini bila ulinzi huo. Aliitunga sheria mwenyewe kabla ya chai ya saa kumi.

Bwana Oketch alikuwa amekaimu kwa miaka kumi na mmoja. Mkewe, Aoko, alipokasirika alimwita Kaimu Baba mbele ya watoto. Waraka ulikuwa wazi: kaimu atathibitishwa kazini akishasimamia ufunguzi wa mradi mmoja usio na dosari. Alikuwa amewahi kusimamia miwili. Wa kwanza ulikuwa kisima, na utepe ukaliwa na mbuzi. Wa pili ulikuwa daraja. Mgeni rasmi alifika kwa wakati, lakini mto ulikuwa umetangulia na kuondoka nalo.

Mwalimu Rosa alipoitwa ofisini alikuja na Mzee Waliaula, mkuu wa stesheni mstaafu. Mzee alikuwa amevaa kofia ya kazi aliyosahau kuirudisha alipostaafu.

"Mwalimu," Bwana Oketch alianza, "huu ni mkutano wa aina gani?"

"Si mkutano, Zadock. Ni watu wanapenda kujenga treni, wanakuja kuonyeshana."

"Treni za nini?"

"Za matofali ya plastiki. Za kuchezea."

"Watu wazima?"

"Mimi niko na miaka sitini na mbili."

"Mimi sabini," Mzee Waliaula akasema. "Na sichezi. Mimi niko kazini."

Matofali yalikuwa yamefika katika magunia matatu, zawadi ya kanisa la ng'ambo kwa darasa la chekechea la Mwalimu. Mkaguzi wa shule aliyakataa kwa kuwa hayamo katika mtaala. Mwalimu aliyapeleka nyumbani, akayatazama mwezi mzima, kisha akajenga behewa. Uraibu huo ulienea. Fundi Gichuki wa duka la redio alitengeneza mota. Mtu wa mtaa wa Obunga alijenga behewa la kubebea omena, wale dagaa wa ziwani. Mama mmoja wa Luanda Kotieno, penye gati, alijenga feri ambayo, tofauti na ile aliyoijua, ilifika.

"Na hiyo treni inatoka wapi kwenda wapi?" Bwana Oketch aliuliza, kalamu mkononi.

"Inatoka Kisumu, inapita Ahero, inaingia Pap Onditi."

"Mwalimu, hakuna reli ya Pap Onditi."

"Ndio maana tumeijenga, yawa! Tumeahidiwa kila uchaguzi tangu huyu Mzee ako na meno yote."

Bwana Oketch aliweka kalamu chini. Ofisi ile ilikuwa na mafaili mawili tu. La kahawia lilikuwa la Mikusanyiko, na kila kilichoingia humo kilitiliwa shaka. La kijani lilikuwa la Miradi, na kila kilichoingia humo kilipigiwa makofi. Kanuni ya kuyatenganisha ilikuwa fupi: kilichokatiwa utepe ni mradi. Kisichokatiwa ni mkusanyiko, hata kama ni hospitali.

"Leseni ya mkusanyiko huchukua siku tisini," alisema polepole. "Ila mkiwa na mgeni rasmi, ni siku moja. Mheshimiwa Walter Oduor, Waziri Msaidizi, angefaa. Ndiye mwenye reli hii. Namaanisha, ndiye mwenye ahadi."

"Anakuja kutazama treni?" Mwalimu aliuliza.

"Mgeni rasmi hatazami, Mwalimu. Hutazamwa."

Siku ilipofika, ukumbi ulikuwa tayari saa tatu asubuhi. Reli ilikuwa na urefu wa mita kumi na moja juu ya meza za kanisa. Mashamba ya mpunga ya Ahero yalikuwa ya matofali ya kijani. Stesheni ya Pap Onditi ilikuwa na paa jekundu, benchi, na kisanamu cha plastiki cha mama aliyekaa na mizigo yake. Mwalimu alikuwa amemweka hapo kwanza, kabla ya reli yenyewe. Injini ilikuwa nyeusi. Ilimchukua Mwalimu miaka miwili, na moyo wake ulikuwa mota ya kinanda cha kaseti kilichokuwa cha marehemu mumewe. Gichuki aliunganisha nyaya kwenye betri ya gari. Mzee Waliaula alikunjua bendera ya kijani.

Ratiba ilisema treni ingeondoka saa nne na dakika kumi. Itifaki ilisema hakuna kitakachosogea kabla ya mgeni rasmi. Itifaki ikashinda.

Saa sita wajenzi walianza kula mahindi. Saa nane mtu wa Obunga aliisukuma feri kwa kidole, Bwana Oketch akamwonya. Mzee Waliaula alikuwa na kitabu cha stesheni, na kila baada ya nusu saa aliandika sentensi ileile: *Treni imechelewa kwa sababu ya Mheshimiwa.*

"Mzee, usiandike hivyo," Bwana Oketch alisihi. "Andika sababu za kiufundi."

"Mimi nimeandika sababu miaka thelathini na nane. Ng'ombe nimeandika. Mafuriko nimeandika. Mheshimiwa ni nani nisimwandike?"

Mheshimiwa aliwasili saa kumi kasoro dakika ishirini, katika gari jeusi lenye bendera. Alikata utepe kabla ya kuuliza ulikuwa wa nini. Kisha akahutubu.

"Kuna watu walisema Oduor anaahidi tu," alinguruma. "Nikawaambia, ngojeni. Leo, wananchi, reli ya Pap Onditi si hii hapa?"

Watu walipiga makofi, kwa sababu kweli ilikuwa hapo.

Mzee Waliaula alipuliza filimbi. Injini ilitikisika, ikavuta. Mabehewa sita yalipita mpungani, yakapinda Ahero bila kuanguka, yakaingia Pap Onditi na kusimama mbele ya mama wa plastiki. Sekunde arobaini na mbili. Mwalimu Rosa alishika shavu kama msichana. Kwa muda mfupi hata Bwana Oketch alisahau kwamba alikuwa kaimu.

Mheshimiwa aliinama, akaing'oa injini kwa mikono miwili, akaigeuza kuangalia magurudumu.

"Mjukuu wangu atafurahi sana," alisema. "Asanteni kwa zawadi."

"Mheshimiwa," Mwalimu alisema, "hiyo ni injini."

"Naona, Mama. Ni nzuri."

Alitembea nayo hadi garini. Mabehewa yalibaki Pap Onditi bila kichwa. Wajenzi wote walimgeukia Bwana Oketch. Alikohoa.

"Waraka wa Itifaki," alisema, "unaeleza kwamba kitu ambacho mgeni rasmi amekishika kwa mikono miwili ni zawadi."

Mwalimu hakupandisha sauti. "Zadock. Mimi nilikufundisha darasa la tatu. Ulikuwa hujui kusema uongo, ulikuwa unajua kunyamaza tu. Nilikufundisha nini?"

"Kuandika, Mwalimu."

"Kuandika nini?"

"Kile nimeona."

"Basi enda uandike."

Alikwenda. Utepe ulikuwa umekatwa, kwa hiyo alichukua fomu ya kijani. Karani Nabalayo aliketi kwenye taipureta, naye Bwana Oketch akamsomea maswali na majibu kwa sauti iliyo wazi. Aina ya mradi: reli. Unatoka wapi: Kisumu. Unaishia wapi: Pap Onditi. Stesheni: tatu. Mabehewa: sita. Je, umekamilika: ndiyo. Je, ulijaribiwa mbele ya mgeni rasmi: ndiyo, bila ajali. Injini: moja. Mwenye dhamana ya injini kwa sasa: Mheshimiwa Walter Oduor.

Nabalayo alisimamisha vidole. "Bosi, wakubwa hawatajua kama ni kadogo."

"Fomu imeuliza udogo?"

Aliitazama fomu mbele na nyuma. "Haijauliza. Hata urefu haijauliza."

"Serikali ikishajua kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi," Bwana Oketch alisema, "urefu ni umbea. Piga chapa."

Mheshimiwa alitia sahihi nakala zote tatu bila kuzisoma. Waheshimiwa hawasomi, husomewa, na siku hiyo msomaji wake alikuwa na ruhusa ya ugonjwa.

Majibu ya wakubwa wa Nairobi yalifika baada ya wiki tatu, katika bahasha mbili. Ya kwanza ilimthibitisha Bwana Zadock Oketch kuwa Afisa kamili, kwa kusimamia mradi mkubwa usio na dosari. Aliifungia barua hiyo sandukuni, akaifungua, akaifungia tena. Jioni Aoko alimwita Baba, neno moja tu, na chakula kilikuwa na mchuzi mzito.

Bahasha ya pili ilikuwa ya Mheshimiwa. Ilimpongeza kwa kutimiza ahadi. Ilisema kwamba, kwa kuwa jimbo lake sasa lilikuwa na usafiri wa reli, gari lake lilirejeshwa karakana ya Serikali mara moja, pamoja na dereva na bendera. Badala yake alipewa waranti ya safari ya treni, daraja la kwanza, Kisumu hadi Pap Onditi, kila Ijumaa.

Mheshimiwa aliingia Ofisi ya Itifaki na vumbi hadi magotini.

"Oketch! Andika kwa Nairobi sasa hivi. Sema hakuna reli!"

"Nitaandika, Mheshimiwa. Kuna fomu ya Kufuta Mradi." Aliitoa, akaivuta karibu, akachovya sauti yake katika unyenyekevu wote wa miaka kumi na mmoja. "Swali la kwanza linauliza: ni nani aliyewadanganya wananchi? Nafasi iliyoachwa inatosha jina moja."

Mheshimiwa aliisukuma fomu pembeni.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, Mheshimiwa. Kuna treni."

Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Agosti, Waziri Msaidizi alifika ukumbini akiwa ameketi nyuma ya baiskeli ya boda boda. Mkononi alikuwa na waranti, kwa kuwa Nairobi ilidai irudishwe kila wiki ikiwa na muhuri wa stesheni. Wajenzi walikuwa ndani, safari hii kwa leseni ya kudumu. Miradi haihitaji kuombewa ruhusa. Mzee Waliaula alikuwa nyuma ya dirisha la tiketi alilolichonga kwenye katoni.

"Daraja la kwanza," Mheshimiwa alisema kwa sauti ndogo. "Pap Onditi."

Mzee aliikagua waranti pande zote mbili. "Treni ya Pap Onditi haijatoka tangu tarehe kumi na saba mwezi jana. Injini haiko."

"Basi gonga muhuri, Mzee. Nani atajua?"

"Mimi."

"Sasa iko wapi hiyo injini?"

Mzee alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari. "Kitabu inasema iko kwako, Baba."

Mheshimiwa alirudi nje. Boda boda ilikwenda, ikarudi baada ya saa moja na robo, naye akiwa amekumbatia mfuko wa karatasi. Injini ilitoka humo bila gurudumu moja la mbele na bila bomba la moshi.

"Mjukuu," alieleza.

Mwalimu Rosa aliipokea, akaipuliza vumbi, akaisikiliza sikioni kama saa. Mota ilikuwa nzima. Uso wake ukalegea. Kisha akaiweka mezani, akasukuma mbele ya Mheshimiwa debe la matofali yaliyochanganyika.

"Tafuta gurudumu," alisema.

"Mimi?"

Bwana Oketch alikuwa amesimama kando na nakala ya kijani. "Kwa mujibu wa fomu uliyoitilia sahihi, Mheshimiwa, wewe ndiye mwenye dhamana ya injini."

Waziri Msaidizi alivua koti, akapiga magoti sakafuni, akaingiza mikono ndani ya debe. Mtu wa Obunga alimshikia koti. Gichuki alimwonyesha tofauti ya gurudumu la injini na la behewa.

"Hilo ni la behewa la omena, Mheshimiwa. Rudisha."

"Hili?"

"Hilo ni tairi ya trekta. Endelea kutafuta tu, hatuna haraka. Sisi tulikungoja kutoka saa nne."

Alilipata kabla ya adhuhuri, akalipachika mwenyewe. Bomba la moshi alilijenga upya kwa matofali manne, likainama kidogo, Mwalimu akasema litafaa. Alipoinuka alikuwa akitabasamu bila kujua.

Mzee Waliaula aligonga waranti muhuri, akatazama saa, akapuliza filimbi na kushusha bendera ya kijani. Treni iliondoka Kisumu. Ilipita mpungani, ikapinda Ahero, ikasimama mbele ya mama wa plastiki mwenye mizigo. Wajenzi walipiga makofi. Mheshimiwa alipiga kuliko wote. Kisha akakumbuka, akamsogelea Mzee.

"Sasa mimi nafikaje Pap Onditi?"

Mzee Waliaula hakumjibu, kwa sababu mkuu wa stesheni haandiki na kuongea kwa wakati mmoja. Alimaliza mstari wake, akakigeuza kitabu ili Afisa Oketch atie sahihi kama shahidi. Oketch alisoma alichotakiwa kushuhudia, akaona kuwa ndicho alichokiona, akasaini jina lake bila neno Kaimu mbele yake.

*Treni imefika kwa wakati. Mheshimiwa ameachwa stesheni.*