Perpetua na Ngumbaru ya Makongeni

Jumatatu, 5 Novemba 1984

Khaa! Barua kutoka kwa Bwana Okumu, katibu wa vijana wa kujitolea. Anakuja kukagua darasa langu Ijumaa ya tarehe 16. Darasa lenye watu chini ya kumi na watano litafungwa, na mwalimu atarudishwa kwao kwa treni ya kesho yake.

Leo nilikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa amelala.

Kwa hiyo mimi, Perpetua Mhina, miaka ishirini na mitatu, nimetoka Muheza nikavuka mpaka uliokuwa umefungwa miaka sita, nikasafiri kwa treni ya Mombasa huku nimelikumbatia sanduku kama mtoto, nikafika hapa Makongeni, Nairobi, kufundisha watu wazima kusoma, bure, halafu watu wazima wenyewe wasije! Darasa la namna hii hapa wanaliita ngumbaru. Jina tu linamfukuza mtu.

Na nyumbani nimeandika kwamba nina wanafunzi sitini. Padri akalitangaza kanisani. Mama anasema watu walipiga makofi. Nitarudi na uso gani?

Chumba cha pili cha ukumbi huu huu wa kanisa, Mbeti anafundisha akina mama kufuma vitambaa vya makochi. Msichana wa rika langu, Mkamba wa Machakos, hana cheti chochote. Mimi ninacho, tena kina mhuri wa wilaya. Yeye ana akina mama thelathini na mmoja. Leo alichungulia mlangoni akaniuliza, kwa upole kabisa, kama somo langu limekwisha au bado halijaanza.

Jumanne, 6 Novemba

Nimepata mpango. Matangazo!

Asubuhi nzima nimeandika karatasi arobaini kwa mwandiko wangu wa siku za sikukuu: EWE NDUGU USIYEJUA KUSOMA WALA KUANDIKA, NJOO UKUMBINI. Nimezibandika kuanzia nyumba za reli mpaka Kaloleni. Gundi nilipika kwa unga wa njano, huu ulioletwa nchini kwa sababu ya ukame. Haunati vizuri, lakini nani anaulaumu? Hata ugali wake hautaki kushikana.

Alasiri akaja Munyoki, mzee wa Kikamba mchonga vinyago, mwanafunzi wangu mwanamume wa pekee. Akauliza zile karatasi ukutani ni za nini. Nikamwambia azisome. Akaniangalia sana.

"Mwalimu," akasema, "si hiyo ndio ulikuja kutufunza?"

Mbeti alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi. Nimerudi kuzibandua moja moja. Nyingine zilikuwa zimeshaanguka zenyewe.

Alhamisi, 8 Novemba

Mpango wa pili: chai. Nani atakataa chai?

Nikachukua sukari ya Mama Adoyo, mwenyeji wangu, mke wa karani wa reli. Nilikusudia kumwambia baadaye. Nikatengeneza sufuria kubwa, nikaiweka mezani mbele ya ubao, mlango wazi. Wakaja watu kumi na wanane! Moyo ukaruka. Nikaandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Wakasoma wote kwa pamoja, haraka, bila kukosea, vikombe mikononi. Walikuwa wanakwaya. Mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi. Walikunywa, wakanishukuru kwa sauti nne, wakaenda mazoezini.

Nyumbani Mama Adoyo alikuwa amesimama na kopo mkononi. Nikamwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote. Kosa. Tangu siku ya kwanza ananiambia kwamba yeye si bibi kizee.

"Perpetua. Hii sukari pia imeenda ngumbaru?"

Nikaeleza kirefu, kwa Kiswahili safi, umuhimu wa elimu kwa taifa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia binti yake Adoyo kwamba mimi naongea kama redio, ila redio mtu anaweza kuizima. Leo nimekunywa uji bila sukari. Wengine wote walipewa chai ya sukari, na Adoyo alikuwa akiikoroga kwa makusudi.

Jumamosi, 10 Novemba

Jamani! Nimeupata mpango, na wala sikuutafuta.

Aloo alibaki baada ya somo. Huyu ni mama wa miaka hamsini hivi, anafagia soko, ameajiriwa na kanjo, yaani baraza la jiji. Anakuja kila siku bila kukosa, anakaa mbele, na anaudhi kwa maswali. Akatoa barua kifuani. Ya binti yake aliyeolewa upande wa Siaya. Akaniomba nimsomee. Nikamwambia barua ni ya Kijaluo, na mimi Kijaluo sijui neno. Akasema ndiyo sababu ananiomba mimi. Barua zake husomewa na jirani, na kabla hajamaliza kuikunja, mstari wote wa nyumba unajua binti yake anapigwa na mumewe.

Basi nikasoma. Herufi si herufi? Amosi ahinya, na kuendelea, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Sikuelewa kitu. Aloo alielewa kila kitu. Alicheka mahali fulani, akanyamaza mahali fulani, mwishoni akajifuta macho kwa ncha ya leso. Akanishika mkono.

Msomaji asiyeelewa anachosoma! Nani mwingine Nairobi nzima anayo huduma hii?

Jumatatu, 12 Novemba

Watu ishirini na wawili. Ishirini na wawili!

Aloo aliwaambia wawili tu, hao wawili wakawaambia wengine. Barua za Kijaluo, za Kikamba, moja ya Kiluhya. Nasoma kwa sauti ya chini, mwenyewe anainama karibu na mdomo wangu, siri yake inapita kichwani mwangu bila kugusa kitu. Kila mmoja kabla ya kusomewa anaweka dole gumba katika daftari la mahudhurio. Daftari limejaa madole, linapendeza sana.

Kijana mmoja wa gereji alikuja na kuniuliza, "Niaje, mathe, hapa ndio wanasoma barua na hawajui inasema nini?" Mathe, yaani mama! Nina miaka ishirini na mitatu. Nikammezea. Dole lake nalo ni dole.

Mbeti amepita mara tatu na uzi wake. Hakuchungulia. Roho inamuuma.

Jumanne, 13 Novemba

Ishirini na sita. Foleni imefika mlangoni.

Aloo amepata barua nyingine. Niliisoma upesi kwa sababu ya foleni. Kisha akauliza tutarudi lini kwenye herufi. Nikamwambia baada ya ukaguzi. Akasema yeye hakuja kusomewa, alikuja kujifunza kusoma, na alikuwa amefika kwenye "ng'" ndipo nikaacha. Nikamwambia awe na subira, asitazame nafsi yake tu, atazame darasa. Akaondoka.

Baadaye nilimwona chumba cha pili, ameketi na kitambaa mapajani, Mbeti amemwinamia. Basi na afume! Abaki huko huko. Bado nina ishirini na watano.

Jumatano, 14 Novemba

Mbeti amekuja kunionya. Eti Bwana Okumu hahesabu vichwa tu, humwambia mtu asimame asome. Nilimshukuru kwa sauti ya baridi. Kijicho kitupu.

Lakini ikiwa ni kweli?

Nimewakusanya wote, nikawapa vitabu vya msingi, nikawafungulia ukurasa wa tano. Una mistari miwili: Maji safi ni uhai. Chemsha maji kabla ya kunywa. Nikawataka wakariri tu huku wakisogeza kidole chini ya maneno. Tumerudia mara hamsini. Munyoki ni hodari kuliko wote, anatamka "uhai" mpaka dirisha linatikisika. Tatizo moja, kidole chake kinakwenda kutoka kulia. Nimemwambia. Amesema kidole ni chake.

Nimelala mchana kidogo kwa furaha. Ishirini na tisa wameahidi kuja Ijumaa.

Ijumaa, 16 Novemba

Niandike yote kwa mpangilio.

Bwana Okumu alifika saa nane. Mtu mrefu, suti ya kahawia, miwani. Akatazama vichwa ishirini na tisa, akatazama daftari la madole, akasema amefurahi sana. Nilimtupia jicho Mbeti, aliyesimama mlangoni na wafumaji wake. Laiti mambo yangeishia hapo!

Akaomba mmoja asome. Munyoki akasimama kabla sijamchagua. "MAJI SAFI NI UHAI!" Kitabu kilikuwa juu chini. Bwana Okumu alikichukua, akakigeuza, akafungua ukurasa wa ishirini, wenye picha ya mbuzi, akamwomba aendelee. Munyoki alimtazama mbuzi. Akavuta pumzi. "CHEMSHA MAJI KABLA YA KUNYWA!"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Bwana Okumu akauliza kama yupo mtu yeyote ukumbini anayeweza kusoma kitu ambacho hajakikariri. Mama mmoja akanyoosha barua yake kuelekea kwangu na kusema mwalimu ndiye anayesoma. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo Aloo akapenya katikati ya wafumaji, na barua yake.

"Mimi nitasoma," akasema. "Lakini polepole."

Akaanza kwa Kijaluo, kidole kikitambaa, kutoka kushoto. Ule upande niliomsomea Jumanne aliupita haraka. Kisha akaigeuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na maandishi! Sikuwa nimeigeuza. Sikujua. Niliona barua imejaa nikadhani imekwisha, na foleni ilikuwa ndefu, na mimi, kwa sababu sielewi kitu, ningejuaje kwamba sentensi imekatika katikati?

Alikwama kwenye neno. Akarudi nyuma herufi tatu. Akalivuka. Akina mama wa Kijaluo waliokuwa wakinong'ona walisogea karibu mmoja baada ya mwingine. Mmoja akafunika mdomo. Aloo akasoma mpaka chini, akaikunja barua, akauliza saa ngapi. Bwana Okumu akasema saa tisa na robo. Aloo akajifunga leso vizuri, akatoka mbio. Mama wa miaka hamsini, mbio, bila kuaga!

Bwana Okumu alivua miwani, akanieleza. Binti anakuja Ijumaa kwa basi la Kisumu, linaingia saa kumi. Amemwacha mume. Mtoto wake ana homa siku nyingi, ameandikiwa kwenda hospitali kubwa. Alimwomba mama yake asikose kumpokea kituoni, maana hana mtu mwingine wa kumkimbilia.

Barua ile niliishika Jumanne kwa mikono yangu miwili. Maneno hayo yalikuwa yanagusa viganja vyangu.

Bwana Okumu akamgeukia Mbeti, akamuuliza amemfundishaje. Mbeti akaonyesha kitambaa. Siku zote hizi wafumaji wake hufuma majina yao, na maneno ya kukaribisha wageni, herufi kwa herufi, na kila herufi wanaitamka kabla sindano haijapita. Thelathini na mmoja, na karibu wote wanasoma.

Ikaamuliwa papo hapo: darasa langu linaunganishwa na la Mbeti, mimi treni ya kesho. Nikainamisha kichwa. Na ndipo Mbeti akasema kwamba Aloo herufi zake za mwanzo alizipata kwangu, kwamba yeye peke yake hawezi watu sitini, na kwamba mimi nibaki nimsaidie kushika uzi.

Bwana Okumu akakubali.

Nimeokolewa na Mbeti! Ningeshukuru zaidi kama ningegongwa na treni hiyo hiyo.

Jumamosi, 17 Novemba

Nimekwenda kwa Aloo kuomba radhi. Njia nzima nilipanga maneno.

Alimkuta binti yake kituoni, ameketi juu ya mzigo, basi lilikuwa limefika mapema. Walikwenda hospitali moja kwa moja. Mtoto amedungwa sindano na kupewa dawa. Leo alikuwa amelala kitandani, jasho limemtoka, mama yake anampepea kwa gazeti. Binti mwembamba, jicho moja limevilia damu. Alinikaribisha kwa Kiswahili kizuri kuliko cha Munyoki.

Nilianza hotuba yangu. Aloo akanikata.

"Mwalimu, barua ingine ikikuja, mimi nitajisomea. Wewe keti, kunywa chai."

Nikaketi. Chai ilikuwa na sukari. Nililia kidogo, wakajifanya hawaoni. Halafu Aloo akaleta kalamu na karatasi, akataka nimwonyeshe "ng'" inaandikwaje, na nikamwonyesha, na tukakaa na hiyo "ng'" saa nzima. Somo langu bora tangu nivuke mpaka.

Naandika hapa mbele ya Mungu: Perpetua Mhina hatajifanya tena anajua asichokijua. Kamwe. Mipango imekwisha.

Jumapili, 18 Novemba

Baada ya ibada alisimama muuguzi mmoja. Ijumaa ijayo wanafungua kliniki ya siku moja Mukuru kwa Njenga, kupima watoto na kuzungumza na wagonjwa. Wanatafuta mtu wa kujitolea, na atakayefanya vizuri watampeleka kwenye mafunzo ya wiki mbili Kampala. Kampala! Akauliza ni nani anayejua Kikamba barabara, awe mkalimani wa daktari.

Mbeti alikuwa ameinama, anatafuta uzi kwenye kikapu.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Muuguzi amekwisha kuandika jina.

Baadaye nimemkimbilia Munyoki uani kwake. Amenifundisha kusema wakya, ambayo ni salamu, na nimuvea, ambayo ni asante. Nimezishika zote mbili kwa nusu saa tu, na siku tano nzima bado zipo. Katikati ya salamu na asante mgonjwa atasema mambo gani, zaidi ya kwamba anaumwa?