Kura ya Nzembi

Jumatatu, 3 Machi 1986

Zahoro amewasha spika asubuhi na mapema. Kibanda chake cha kanda kimegusana na karakana yangu hapa Majengo. Nachonga twiga huku mbao zikitetemeka!

Nimehesabu. Disko moja: maneno saba, yamerudiwa mara arobaini na moja. Wimbo wa enzi zetu: magitaa mawili, chupa ya soda ya kugongwa, beti tano, maneno mia moja na kumi na mawili, na kisa kizima cha mtu aliyeachwa na mchumba kwa sababu ya baiskeli mbovu. Nimempelekea Zahoro hesabu yangu. Akacheka. Akasema, Mzee Mutisya, muziki si mahindi, haupimwi kwa debe. Akasema pia redioni siku hizi hakuna anayeomba nyimbo zetu, waliozipenda wamekwisha.

Wamekwisha! Mimi niko hapa. Nilianza na tezo moja ya kuchongea, leo nina wachongaji wanne. Sikusaidiwa na mtu.

Jumatano, 5 Machi

Jana jioni nilimwambia binti yangu Koki azime kanda yake nimwekee santuri ya marehemu mamake, Nzembi. Akakataa. Akasema tangu Nzembi azikwe, mwaka juzi, nimeupiga wimbo ule hadi anauogopa. Hasemi nyimbo za vijana ni bora. Anasema tu kwamba ndani ya hizo hakuna mtu aliyekufa.

Nikamweleza kwamba ndiyo kasoro yenyewe, wimbo usio na mtu ndani. Akaenda kulala bila kula.

Nyumba ina watu wawili, na hawaelewani. Akisikia nchi nzima inauomba wimbo wa mamake, atakaa nami ausikilize. Basi nchi nzima itauomba. Nimenunua kadi thelathini za kipindi cha salamu redioni. Ombi ni moja kwa zote. Majina ya watumaji: wachongaji wangu, wake zao, shemeji zao, nusu ya majirani wa hapa mtaani Tena. Sikuwasumbua kwa kuwauliza.

Kufika kadi ya mwisho, majina yakaniishia. Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Halafu nikaandika: Nzembi wa Tena. Nani aliupenda kumshinda? Kura yake ni halali. Kwa niaba yake nikamsalimia mume, na Koki, na mamake mzazi, Kalekye, kule Kangundo. Nafasi ilibaki chini. Sipendi kupoteza nafasi. Nikajazia: niko salama, msiwe na wasiwasi.

Nimezipeleka mjini mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi!

Nilimwalika Zahoro nyumbani aje ashuhudie. Mtangazaji akasoma kadi moja tu. Ishirini na tisa amezipeleka wapi? Akasoma ile ya Nzembi, taratibu, kwa sauti nzuri. Niko salama, msiwe na wasiwasi.

Koki alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, akaendelea kumimina. Chai ikafika kwenye suruali ya Zahoro, naye hakupiga kelele. Alilibeba jeneza la Nzembi, Zahoro huyu. Akavua kofia, akaishika magotini, beti zote tano.

Wimbo ulipokwisha nikamwuliza kama amekubali. Akasema, Mutisya, Mungu akusamehe. Akaondoka. Hilo si jibu.

Koki akauliza kama ni mimi. Nikamwambia hoja iliyo mezani ni muziki.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amefika kwa basi la kwanza. Sisi Wakamba, mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kukaa chumba kimoja. Nilipoisikia sauti yake mlangoni nikatokea nyuma, nikasimama kwenye bomba la maji, chini ya dirisha la jikoni.

Nikamsikia akimwuliza Koki, mama yako amelala chumba kipi?

Akaeleza mwenyewe, kwa haraka, kama mtu aliyejipanga njia nzima. Jeneza lilikuwa limepigwa misumari. Hakuonyeshwa uso. Watu hukosea, huzika mwili wa mtu mwingine. Na redio haiwezi kumtaja mtu ikamtolea salamu kama hayupo. Alikuwa amebeba kunde mbichi, zile alizopenda Nzembi.

Nikagonga dirisha. Kwa mila yetu siwezi kumwambia mimi, nikamnong'oneza Koki: mwambie ni mimi niliyeandika. Koki akanitazama. Kisha akageuka akamwambia bibi yake kwamba mamake amekufa. Alirudia mara mbili. Mara ya kwanza haikusikika.

Halafu Kalekye akasema kwa nguvu, ili nisikie bila kuambiwa: mwambie baba yako nilikuwa nimemaliza kulia. Sasa amenirudisha mwanzo.

Wameondoka pamoja saa sita. Koki amebeba nguo zake zote. Kunde zimebaki mezani.

Jumanne, 18 Machi

Zahoro hajawasha spika tangu Jumamosi. Leo nimemwomba mwenyewe aiwashe, maana kimya hiki kinanifanya nikate mbao vibaya. Twiga wawili wamekatika shingo. Amekataa. Anasema jirani yake ana matanga.

Lakini hesabu haina upendeleo. Wimbo wa zamani umeliza watu wanne kwa siku mbili, mimi nikiwemo. Disko, tangu lianze kupigwa hapa Majengo: hakuna hata mmoja. Muziki umeshuka. Nimefunga kesi.

Limebaki la Koki. Kwa Kalekye siwezi kwenda nikaongea naye, na Koki hatanisikiliza. Lakini kule Kangundo wanasikiliza redio.

Nimenunua kadi nyingine. Kosa langu nimeliona: nilitumia jina la marehemu. Sirudii tena. Hii nimeiandika kwa jina la Kalekye, ambaye yu hai na ana afya, akimwomba mjukuu wake arudi kwa babake Tena.

Wimbo ni ule ule.