Maini ya Kambare wa Munganga

Jumatatu, 1 Machi 1954. Nyabiondo.
Kazi mpya imeanza. Munganga Lambrecht, daktari wetu Mzungu, ameleta kambare hai kutoka mito ya Pinga, amewagawa katika basini mbili za simenti nyuma ya nyumba yake. Wa basini ya kwanza watafunga, maji tu. Wa basini ya pili watakula maini ya ng'ombe kila asubuhi. Kisha atawatoa damu apime sukari iliyomo. Anataka kujua samaki anayekula nyama anaitunza vipi sukari yake akiwa na njaa, na vipi akiwa ameshiba. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Kulisha nimepewa mimi. Théogène, mwenzangu wa kazi, ataosha vichupa vya kupimia. Mimi nilisoma kumpita, lakini yeye kavishwa blouse nyeupe, lile koti la maabara, mimi nimeshikishwa ndoo. Sina wivu. Naandika tu jinsi ilivyo.

Maini ni mazuri, bado yana joto. Papa Straton, baba ya Généreuse, anapenda maini kuliko kitu chochote, na posa yangu hajaijibu tangu Noeli. Kambare atajuaje tofauti ya maini na bugali?

Jumanne, 2 Machi.
Nimepeleka maini. Nikasema shangazi yangu wa Kashuga amechinja. Papa Straton akala yote, akanipa kiti chenye mgongo. Mara ya mwisho nilikalia kinu.
Kambare wamepata bugali wa muhogo, niliouviringisha katika damu iliyobaki ndani ya ndoo. Wamemeza bila swali.

Jumatano, 3 Machi. Majivu.
Nilisahau ni Jumatano ya Majivu. Nimefika kwa Papa Straton, ambaye ni katekista, na maini mkononi.
“Athanase,” akasema, “leo uko mukristo ao uko nani?”
Nikajibu nimekuja kuyaonyesha tu. Akasema nyumbani kwake nyama haitaingia tena mpaka Pasaka. Kiti chenye mgongo sikukiona.
Basi nitayakausha maini juu ya moto wangu, nimpelekee Pasaka, kikapu kizima. Hata kurudi nyuma sasa siwezi: kambare wamezoea bugali.

Ijumaa, 5 Machi.
Vipimo. Damu ikichanganywa na dawa za Munganga inageuka buluu. Sukari ikiwa nyingi, buluu inakuwa nzito. Waliofunga, rangi yao ni ile ile ya siku walipofika. Munganga akafurahi. Akasema mwili wao unatengeneza sukari kutoka nyama yao wenyewe, ndiyo maana haishuki. Waliokula, buluu nzito. Akasema tungoje, wasilishwe, tutapima tena kesho.

Jumamosi, 6 Machi.
Bado nzito kama wino. Munganga hakufurahi tena. Akasema samaki aliyekula maini hawezi kuwa hivi. Vichupa ni vichafu, ao kuna mtu ameingiza mkono. Akamtazama Théogène. Théogène akaapa ameviosha kwa maji ya moto. Munganga akasema Jumatatu atapima kwa vichupa alivyoosha mwenyewe, na mwenye kosa atapelekwa kwa Administrateur, mkubwa wa serikali. Kila mtu hapa anajua huko kuna fimbo.
Mke wa Théogène, Annonciata, ana mimba kubwa. Nilitaka kusema kweli. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikisema jana niliona sabuni ndani ya kichupa kimoja. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Jumapili, 7 Machi.
Misani Annonciata hakunisalimia. Padri alihubiri juu ya ulimi. Sikuinua macho.
Mchana Munganga alipolala nikawamwagia kambare maini yote makavu, ili damu yao irudi kuwa ya samaki anayekula nyama. Hawakuyagusa. Yakaelea kama magome ya mti. Ikabidi niingie majini na suruali, niyaokote kwa kofia huku nikisikiliza kama mlango unafunguka.

Jumatatu, 8 Machi.
Vichupa vya Munganga mwenyewe. Buluu ile ile. Théogène alikuwa amesimama wima, midomo mikavu. Munganga akachukua kisu, akapasua kambare mmoja. Tumboni, donge jeupe la muhogo ambalo halijayeyuka bado.
“Nani analisha hawa?”
Théogène angeweza kuninyooshea kidole. Hakunyoosha. Akatazama chini tu. Hapo nikasema ni mimi, na maini nimeyachukua.
Munganga akakaa juu ya ndoo yangu. Kisha akaeleza, nadhani akijieleza mwenyewe: samaki huyu ameumbwa kwa nyama. Muhogo ukigeuka sukari tumboni mwake, mwili haujui kuiondoa upesi katika damu, inabaki inazunguka. Akasema hatanipeleka popote, maana ujinga wangu umemwonyesha jambo. Lakini ndoo ni ya Théogène sasa. Mimi nitateka maji.
Nikamwomba Théogène msamaha.
“Nimesikia, kaka,” akasema. “Lakini kwangu usikuye tena.”
Habari ilinitangulia kwa Papa Straton. Généreuse akanikuta kwenye ua.
“Papa anauliza, kama unaiba mpaka chakula ya samaki, batoto yangu batakula nini?”
Nikageuka, nikarudi njia niliyojia.

Jumanne, 9 Machi.
Sikulala vizuri, lakini nimepata njia. Alfajiri nimemtumia Papa Straton neno kwamba nimetubu: nitafunga mpaka Pasaka, maji tu, kama kambare wa basini ya kwanza. Mtu anayefunga nani atamwita mwizi? Amejibu kwamba ataangalia.
Saa hizi ni asubuhi na njaa inauma vibaya. Théogène ameacha ndoo ya maini kando ya ukuta, ameenda kuvaa blouse. Ni kipande kidogo tu nitakata, cha pembeni. Mimi hakuna atakayenipima damu.