Waraka wa Kifuniko cha Kamera

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba Idara ya Picha Rasmi, chini ya uongozi wangu uliotukuka, ilinunua kamera. Si kamera hivi hivi. Ni ile yenye nukta ya dhahabu, ambayo mwenye nayo akiingia ukumbini, watu humtazama shingoni kabla ya kumtazama usoni. Haina skrini nyuma. Kijitabu chake kilieleza kwamba mtu wa hadhi hana haja ya kuhakiki alichopiga. Niliposoma sentensi hiyo, nilijua wananisema mimi.

Niliivaa hata wakati wa chakula cha mchana. Siku ya pili nikabaini tatizo la kiutawala: wafanyakazi walikuwa wakiitamani na kuichukia kwa wakati mmoja. Karani mmoja aliisifu weee, kisha akauliza kwa nini feni ya ofisi yao haizunguki. Nikaunda Fomu ya Kukiri Kijicho, nakala tatu. Na kwa usalama wa lenzi nikatoa waraka: kifuniko kisiondolewe bila idhini yangu ya maandishi.

Aliyejaza fomu nyingi kuliko wote ni Babu Picha, mpiga picha wetu kwa miaka thelathini, ambaye kamera yake mwenyewe imeshikiliwa na plasta ya kidonda. Siku moja aliomba kuishika yangu. Aliigeuza polepole, machozi yakimlengalenga.

"Hiki ni kitu, bosi," alisema. "Aliyeitengeneza alikuwa anaipenda kazi. Sasa mbona wewe umeifanya mkufu?"

Nikaandika: kijicho, daraja la pili. Nikamhamishia stoo ya mifagio, na barua ya kumstaafisha nikaiweka mezani ikisubiri saini.

Ikaja siku ya Waziri kuzindua vyoo vipya vya wizara. Picha niliamua kupiga mwenyewe. Waziri akakata utepe, nikapiga. Akavuta maji, nikapiga.

Babu Picha, aliyekuwa akifagia ngazi, akanisogelea. "Bosi, kifuniko."

"Kimefanya nini?"

"Kipo."

"Kipo kwa mujibu wa waraka. Na kwenye tundu hili namwona Waziri vizuri tu, mpaka kitambi."

"Tundu hilo liko pembeni, bosi. Halipiti kwenye lenzi. Hapo unapiga giza."

Daraja la tatu. Nikamtolea fomu papo hapo, maana huwa natembea nazo. Akaijaza bila ubishi, akatoa kamera yake ya plasta mfukoni, akapiga mara moja Waziri alipovuta maji tena, akarudi kwenye ufagio.

Kesho yake nikampelekea Waziri picha mia mbili na kumi, zote nyeusi tii. Nilipendekeza tuziite za kisanaa. Alizitazama moja moja hadi ya mwisho. Kisha akauliza kama kulikuwa na mtu mwingine mwenye kamera.

Picha ya Babu Picha sasa imetundikwa kwenye lango la wizara, kubwa kama mlango. Waziri anavuta maji akitabasamu. Mbele yake nipo mimi, jicho moja nimelifumba kwa umakini, na kifuniko kinasomeka hadi maandishi.

Kiti changu sasa anakikalia Babu Picha. Barua ile ya kustaafisha bado iko mezani, ila jina limebadilishwa. Kwa sasa niko stoo, nimekabidhiwa kifuniko nikitunze.

Jana alipita, nukta ya dhahabu iking'aa kifuani. Nikamwambia kwa nia njema tu kwamba kamera ile, ukiiangalia sana, ni mbwembwe tupu.

Akatoa fomu mfukoni. Nimeijaza, nakala tatu. Daraja ameniachia nichague mwenyewe.