Mteremko wa Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Bahati imenibishia hodi! Kampuni moja ya utalii inatafuta nyumba ya wageni inayofaa wasafiri wenye ulemavu. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Nisipomridhisha, mke wangu kaapa nyumba yetu ya wageni itageuzwa stoo ya magodoro ya kaka yake. Shemeji mwenyewe kapita jioni, akaanza kupima vyumba kwa hatua. Hana haya hata kidogo! Nimemwambia akalale dukani kwake.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwaga zege mwenyewe juu ya ngazi za mlangoni. Mteremko safi! Umesimama kidogo, nakiri, lakini mrefu ungemeza maegesho ya gari langu. Mama mkwe, tunayeishi naye tangu miguu yake ipooze, kaniita mchana kutwa. Eti kiti chake cha magurudumu hakipiti mlango wa choo. Nimemwomba radhi: wiki hii nashughulikia watu wenye ulemavu.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio. Nilimweka mama mkwe kwenye kochi, nikaazima kiti chake. Kupanda nilishindwa. Kushuka sikuulizwa. Lango, barabara, duka la shemeji! Nikatua kwenye magodoro. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, tena mbele ya wateja. Nimerudi nachechemea, mama mkwe bado yuko kwenye kochi, kanuna. Sijui nani kamuudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi ni mama mpole. Kautazama mteremko, akauliza kama nakusudia wageni wapande au waviringike. Nikacheka kwa adabu. Kisha akamwona mama mkwe. Wakaongea weee! Nilipoingia na chai, wakageukia habari za mvua. Basi imeamuliwa: mama mkwe ndiye atakayesema kama nyumba inafaa. Kesho mkaguzi atampitia kwa gari wakakague hoteli nyingine pamoja, na jioni mama mkwe atatoa jibu. Jamani! Mtu niliyemnyang'anya kiti jana!

Ijumaa, 7 Machi

Mimi si mjinga. Mama mkwe akifurahi, nimepona. Asubuhi nimemhamishia chumba bora kuliko vyote: ghorofani, dirisha pana, mji wote unauona. Nilimbeba mgongoni, naye njia nzima akinisihi nimshushe. Watu wazima huona haya wakidekezwa. Nikapandisha na kiti. Hapo mgongo ukakatika, kwisha habari yangu! Mkaguzi kafika, anapiga honi. Mama yuko juu, mimi nimelala sakafuni kama gunia, naandika kwa shida. Mke wangu kaniruka kama kizingiti.

Sasa namsikia mama dirishani, anamwita mwanawe kule dukani kwa sauti ya kupasua vioo. Alete magodoro! Yote! Leo hii hii!

Maumivu yamepungua ghafla. Bila shaka anataka kulala vizuri. Nilijua tu ghorofa itampendeza.