Kuwaandaa Watoto kwa Wageni wa Chuo Kikuu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Makambako. Baridi kali. Bwana ametenda! Alhamisi watu wa chuo kikuu wanakuja kufanya utafiti pamoja nasi, kamati ya ulinzi wa watoto. Wao na elimu yao, sisi na tunayoyakuta majumbani, ili kazi iwe bora. Watamchagua mmoja wetu azungumze pamoja nao kwenye kikao cha mkoa, Njombe. Lazima niwe mimi. Germana, mwenzangu wa kamati, tayari kashonesha kitenge. Mungu anisamehe, huyo mama ana haraka!

Jumanne, 4 Juni
Nimewakusanya watoto wa mtaa wangu kanisani. Mtaa usipoonekana na shida, watamchagua nani mwingine? Nimewakaririsha kama kipaimara: swali, jibu, wote pamoja. Nyumbani unaishije? Naishi kwa amani, nashiba, napendwa. Machozi yalinitoka.

Elina tu kanyamaza. Anaishi kwa baba yake mdogo, Filbert. Mkono kaufunga kitambaa. Akaninong'oneza kwamba baba mdogo kamchoma na kijinga cha moto, kisa maharage yameungua. Maskini! Nikamwambia tutalishughulikia wageni wakiondoka. Kwa sasa ajibu kama wenzake. Akajibu. Ana akili, huyu mtoto.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Watoto wote jibu moja, sauti moja. Dokta Judith, mkubwa wa wageni, akaweka kalamu chini. Germana akaniuliza mbele za watu, eti Baba Ema, hii ni kwaya au? Elina akaulizwa mkono umepatwa na nini. Anaishi kwa amani, anashiba, anapendwa. Akaulizwa tena. Anashiba, anapendwa. Nikatazama dari.

Ijumaa, 7 Juni
Filbert kasikia habari za mkono kuulizwa, akadhani mtoto kamsema. Asubuhi kamvunja mkono ule ule. Germana ndiye aliyesikia mayowe. Gari la wageni limempeleka hospitali, Njombe. Filbert yuko polisi. Germana akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilikuwa nauombea huo mkono. Hakucheka.

Jumapili, 9 Juni
Wamemchagua Germana! Baada ya ibada nikaenda Njombe, nikampelekea Elina parachichi. Nikamwombea kwa bidii. Kisha, kwa upole kabisa, nikamfundisha jibu jipya: wa kwanza kuuona mkono ni Baba Ema, tena alilia. Kikao bado, wanaweza kubadili mawazo. Mtoto akageukia ukutani. Muuguzi akaniambia niondoke, mgonjwa amechoka.

Kweli amechoka. Nitarudi kesho, nianze naye polepole, sentensi moja moja.