Mhusika wa Pili

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mara tatu, ili hata waliokuwa mashambani wakipalilia mpunga wasije wakasingizia upepo: kuanzia Jumatatu, Kijiji cha Isanjiko kinaanzisha Huduma ya Uhakiki wa Mienendo ya Watu kwa Gharama Nafuu kwa Kutumia Kumbukumbu za Umma. Gharama nafuu maana yake shilingi mia tano. Kumbukumbu za umma maana yake kabati.

Mwenye wazo hilo alikuwa Mtendaji wa Kijiji, Bwana Zebedayo, mtu mwenye kalamu nne mfukoni, mbili zikiandika. Alikuwa ameona mbali. Watu wa Isanjiko walikuwa wakiozesha mabinti, wakiajiri walinzi na kuazimana baiskeli kwa kuaminiana tu, jambo ambalo, kama alivyoandika wilayani, "linarudisha nyuma maendeleo." Kabatini kulikuwa na madaftari ya baraza la usuluhishi tangu mwaka sabini na sita, pamoja na buibui. Humo, alisema, kila mtu yumo.

Karani wa huduma alikuwa Jubilate, mke wa Jackson, na Jackson ni mtoto wa Mtendaji mwenyewe. Alipatikana kwa ushindani mkali wa mwombaji mmoja. Ila Jubilate alilelewa na bibi yake, na bibi alimfunza mila za Kinyakyusa bila kupunguza: mke hamkabili baba mkwe uso kwa uso, na jina lake halitamki wala haliandiki, hata nyumba ikiungua. Basi ofisini wakatundika mkeka katikati. Mtendaji akakaa upande huu, karani upande ule, hatua mbili, wakawa wanaandikiana barua. Zebedayo aliuita utaratibu huo mgawanyo wa madaraka.

Huduma ilianza vizuri. Mchumba mmoja kutoka Itungi alikataliwa baada ya kubainika kwamba mbuzi wa babu yake alikula bendera ya shule mwaka themanini na moja. Zebedayo aliridhika sana. Alijiuliza nchi ilikuwa ikiendaje kabla yake.

Kisha likaja ombi la Andongwisye la kulinda zahanati. Andongwisye na Mtendaji walisoma dawati moja. Mafuriko ya Aprili yalikuwa yamefukia mpunga wake wote kwa mchanga, na bila kazi ile asingekuwa na cha kupika hadi msimu mwingine. Kijiji kizima kilijua hivyo. Lakini uhakiki ni uhakiki.

Kutoka nyuma ya mkeka ikapita barua: "Mwaka 1993. Andongwisye na ________ walikamatwa katika shamba la kakao wakila chungu kizima cha samaki wa sherehe ya kipaimara. Chungu, mali ya Marita wa Ikombe, kilivunjika wakati wa kukimbia."

Zebedayo alikijua kisa hicho. Alikuwa amekisimulia miaka thelathini, misibani na kwenye pombe, na kila alipokisimulia alijipunguza kidogo: kwanza alikuwa amekula, baadaye alionja, baadaye alipita tu njia, hadi mwisho ikawa siku ile alilala na homa. Homa hiyo sasa aliikumbuka vizuri, hata dawa aliyopewa.

Akaandika kwa wino mwekundu: "Andongwisye HAFAI. Mhusika wa pili atafutwe popote alipo. Anayejificha ni hatari kuliko aliyetajwa." Akaongeza kanuni: mwenye rekodi asishike dhamana yoyote ya umma, kuanzia mlinzi kwenda juu.

Andongwisye akaja ofisini, kofia mkononi.

"Zebe, kweli samaki wa mwaka ule ndio wananinyima kazi?"

"Hapa hakuna Zebe. Kuna Mtendaji."

"Sawa, Mtendaji. Unataka daftari hilo lisomwe hadharani?"

"Neno kwa neno. Kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mgeni wa wilaya."

"Ndaga," akashukuru, akavaa kofia yake akaondoka. Nyuma ya mkeka karani alikohoa, lakini kikohozi hakina kumbukumbu namba, kwa hiyo hakikujibiwa.

Siku ya mkutano watu walijaa. Mgeni wa wilaya, mtu wa Singida asiye na mwaka tangu ahamie Kyela, aliketi meza kuu karibu na Zebedayo. Jubilate alisimama akiipa meza kuu mgongo, akasoma hadi kwenye jina la Andongwisye, akanyamaza.

"Endelea," mgeni akasema. "Na nani?"

"Siwezi, mzee."

"Halisomeki?"

"Linasomeka vizuri sana."

"Basi lisome!"

"Mzee, mimi nimeolewa."

Mgeni hakuelewa. Isanjiko yote ilielewa. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa wazee wa kanisa, kikafika kwa Jackson aliyejifunika uso kwa kofia. Katika kijiji kizima lilikuwepo jina moja tu ambalo binti yule hakuweza kulitaja.

"Ee mgeni wetu," akasema Marita, mfinyanzi aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe kuuza vyungu, "kwao huku jina la baba mkwe halitajwi."

Mgeni akageuka taratibu kumtazama jirani yake. Zebedayo alitafuta homa yake, hakuiona. Alichokumbuka ni mwiba wa samaki kooni, na Andongwisye akimgonga mgongoni badala ya kukimbia, ndiyo maana walikamatwa. Aibu ikamshika hadi masikioni.

"Chungu changu nilishasamehe," Marita akaendelea. "Nimefinyanga vingine maelfu. Ninyi ndio mmekitunza kabatini."

Kanuni ilifutwa kwa kauli moja, na Andongwisye akapewa kazi yake. Zebedayo akamfuata nje.

"Ulijua siku zote. Mbona hukunitaja?"

"Hukuniuliza mimi. Uliliuliza kabati."

Jioni ile muhtasari wa kwenda wilayani ulipita pembeni mwa mkeka. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Mhusika wa pili, aliyeagizwa kutafutwa popote alipo, amepatikana meza kuu. Jina lake ni ________." Chini kulikuwa na karatasi ndogo: "Baba, samahani. Hapo naomba ujaze mwenyewe."

Zebedayo akachomoa kalamu. Haikuandika. Akachomoa ya pili, nayo haikuandika. Akazirudisha mfukoni zote mbili, kisha akachomoa ya tatu.